Kila tendo lina chanzo chake, na hiari bado ipo

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tulikuwa walevi wote wawili. Mimi nimeacha, yeye ameshindwa. Watu wananisifu na kumlaumu yeye, na hata mimi nilikuwa namlaumu. Sasa nimesoma kwamba wanasayansi wamepima ubongo wakaona unaamua kabla mwenyewe hajajua, na kwamba kila tunalofanya limeshapangwa na vinasaba, malezi na mambo yaliyotutangulia. Kama ni kweli, mimi sistahili sifa, yeye hastahili lawama, na hiari ni jina tupu. Je, ni hivyo? Na kaka yangu nimwambie nini?"

Marahaba, dada. Nitakupa msimamo wangu kwanza, hoja zifuate: hiari ipo, na ingekuwepo hata kama kila tendo lako lina visababishi vinavyorudi nyuma mpaka kabla hujazaliwa. Umeacha pombe wewe, si vinasaba vyako. Kaka yako naye hajafutiwa kila kitu, ingawa lawama anayotupiwa huenda imezidi kipimo, na nitaeleza kwa nini. Hoja uliyoisoma haikosei inaposema kwamba matendo yana visababishi. Inakosea inaporuka kutoka hapo na kudai kwamba kilichosababishwa hakiwezi kuwa cha hiari. Mruko huo ndio ninaoupinga.

Tupite kwanza maabara, maana ndiko ulikotikiswa. Jaribio linalotajwa kila mahali ni la mtafiti wa ubongo Benjamin Libet na wenzake, lililochapishwa mwaka 1983. Mshiriki aliketi akitazama saa yenye nukta inayokamilisha mzunguko kwa sekunde 2.56. Aliambiwa akunje kiganja wakati wowote atakapojisikia, bila kupanga, kisha aseme nukta ilikuwa wapi pale alipohisi hamu ya kukikunja. Elektrodi zilizobandikwa kichwani zilirekodi umeme wa ubongo. Umeme huo ulianza kubadilika kama milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea, lakini hamu, kwa maelezo ya washiriki wenyewe, ilikuja kama milisekunde 200 kabla. Pengo la milisekunde 350 ndilo lililozaa vichwa vya habari: ubongo umeamua, mwenye ubongo hana habari.

Angalia walichoulizwa watu hao. Kukunja kiganja sasa hivi au punde kidogo, jambo ambalo halina faida wala hasara, na ambalo waliagizwa wasilifikirie. Hapakuwa na kitu cha kupima. Kuacha pombe hakufanani na hilo hata kidogo. Nina hakika uliwaza kwa muda mrefu, ukajibishana na nafsi yako, ukaahirisha, ukarudi tena kwenye jambo lile lile. Halafu mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko yale ya umeme yanaweza kuelezwa bila kuyaita uamuzi. Shughuli za ubongo hupanda na kushuka zenyewe muda wote. Mtu asiye na hoja ya kuchagua sekunde hii badala ya ile huelekea kusogeza mkono wimbi linapokuwa juu. Ukikusanya mara zote mkono uliposogea, ukarudi nyuma na kutafuta wastani, utaona mlima unaopanda, hata kama hakuna uamuzi uliokuwa umefanyika mlima ulipoanza. Na mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake waliwapa watu uchaguzi wenye uzito: mashirika mawili ya hisani, chagua lipi lipewe dola 1,000. Uchaguzi ulipokuwa wa kubahatisha tu, ishara ya Libet ilionekana. Ulipokuwa wa dhati, ilififia sana au haikuonekana kabisa. Kuna pia utafiti wa 2008 uliotumia mashine ya kupiga picha za ubongo ukadai kutabiri sekunde kadhaa kabla ni kitufe kipi mtu atabonyeza, cha kulia au cha kushoto. Usahihi wake ulikuwa karibu asilimia 60, wakati kubahatisha tu kunakupa 50.

Lakini sitaki uishike hiari kwa sababu tu mashine za leo ni dhaifu. Tuchukulie kesho inakuja mashine isiyokosea kamwe. Tuchukulie mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace alikuwa sahihi alipoandika mwaka 1814 kwamba akili yenye kujua mahali pa kila chembe na nguvu zote za maumbile ingeuona wakati ujao wazi kama inavyouona uliopita. Dhana hiyo niiite ulazima: kila tukio limefungwa na yaliyolitangulia pamoja na kanuni za maumbile. Fizikia ya sasa haijaamua kama ulazima ni kweli, maana katika ulimwengu wa chembe ndogo kabisa kuna mambo yanayoonekana kutokea kwa nasibu. Wapo wanaoukimbilia unasibu huo wakidhani ndimo hiari inamojificha. Mimi sioni unasaidia nini. Kama siku ile hukunywa kwa kuwa chembe moja ubongoni iliruka huku badala ya kule, basi ulibahatika tu. Hakuna anayepata hiari kwa kuvunja mnyororo wa visababishi na kuweka kura ya bahati mahali pake. Mwanafalsafa David Hume aliliona hilo wazi mwaka 1748: tendo lisilotokana na tabia na nia ya mtu halimhusu mtu huyo vya kutosha hata tumsifu au tumlaumu.

Kwa hiyo tuache kuuliza kama tendo lina kisababishi. Tuulize visababishi vyake vilipita wapi.

Chukua mikono miwili. Wa kwanza ni wa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson, unatetemeka juu ya meza. Mwahidi mwenye mkono huo fedha nyingi kiasi gani autulize, mweleze kwamba mgeni anaona, msihi, mtishe: mkono hauna habari na hayo. Mara nyingi wasiwasi unauzidishia mtetemo. Mkono wa pili umeshika glasi ya pombe, unaelekea mdomoni. Mtoto anaingia chumbani. Glasi inarudi mezani. Simu inaita kutoka kazini, glasi inasubiri. Daktari anaonyesha majibu ya vipimo vya ini. Safari hii pengine glasi inatua, pengine haitui, lakini hata isipotua, kuna kitu kilichosikia, kikapima, kikashindana. Mikono yote miwili inaendeshwa na neva. Yote miwili ina historia inayorudi nyuma mpaka kwa mababu. Tofauti ni kwamba visababishi vya mkono wa pili vinapita ndani ya mtu anayeona, anayeamini, anayejali, anayelinganisha. Ukibadilisha hoja alizo nazo, unaweza kubadilisha tendo. Mkono wa kwanza hauna mlango wa hoja.

Uwezo huo wa kuiona hoja, kuipima na kuifuata ndio ninaouita hiari. Ni kitu halisi, kinafanyika kwa nyama na damu ya ubongo. Mtoto mchanga hana, kijana anao nusunusu, mtu mzima anao kwa viwango. Usingizi ukikosekana unapungua. Ugonjwa wa akili unaweza kuuvuruga, uvimbe kichwani unaweza kuubomoa, mtutu wa bunduki unaweza kuuacha mzima lakini ukaunyima nafasi. Ndiyo maana tunawasamehe aliyeweweseka, aliyelazimishwa na aliyerukwa na akili. Hatuwasamehe kwa sababu matendo yao yalikuwa na visababishi na yetu hayana. Tunawasamehe kwa sababu visababishi vyao havikupita kwenye mlango huo.

Wazo hili ni kongwe kuliko mashine yoyote. Krisipo, mwanafalsafa wa Kistoa (shule ya falsafa ya Ugiriki ya kale) wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alitoa mfano wa vitu viwili vilivyosukumwa kwenye mteremko: silinda, na pia, yaani kile kichezeo kinachozungushwa. Msukumo unatoka nje, lakini silinda inabingirika kwa namna yake na pia inazunguka kwa namna yake, kwa sababu ya umbo la kila moja. Mfano una upungufu, maana silinda haiwezi kutafakari umbo lake wala kulirekebisha, na mtu anaweza. Hata hivyo jambo la msingi alilishika: kusukumwa na yaliyotangulia hakuondoi kwamba mwendo ni wako.

Sasa nije kwenye hoja nzito kuliko zote dhidi yangu, ambayo mwanafalsafa Peter van Inwagen aliifafanua vizuri mwaka 1983. Yaliyotokea kabla hujazaliwa hayako mikononi mwako. Kanuni za maumbile haziko mikononi mwako. Kama ulazima ni kweli, tendo lako la leo linafuata kutokana na hayo mawili. Basi na tendo la leo haliko mikononi mwako. Hukuweza kutenda vingine. Nimeona watu wengi werevu wakiinamisha vichwa mbele ya hoja hii, na inastahili heshima.

Jibu langu linahusu kule kuweza. Mtu aliyekaa kwenye kiti anaweza kuogelea. Hatumnyang'anyi uwezo huo eti kwa kuwa visababishi vya sasa vimemweka kitini. Nikisema kaka yako angeweza kutokunywa jana, nadai mambo matatu: uwezo wake wa kupima hoja ulikuwa unafanya kazi, hoja zilikuwepo mbele yake, na lau angezipa uzito mwingine, hakuna ambacho kingemzuia. Yote matatu yanaweza kuwa kweli katika ulimwengu wa ulazima, na yote matatu yanaweza kuwa uongo pia; inabidi tumwangalie yeye, tuache kuangalia mwanzo wa ulimwengu. Van Inwagen anataka zaidi. Anataka kwamba kila kitu kingebaki vile vile mpaka chembe ya mwisho, na bado tendo likawa tofauti. Hebu jaribu kulitamani hilo. Irudie siku uliyoacha: hofu ile ile, sababu zile zile, upendo ule ule, azma ile ile, usiku ule ule wa kutolala. Kisha, bila chochote kubadilika, unakunywa. Kingekuwa kimeamua nini? Si hoja zako, maana hizo hazijabadilika. Si tabia yako. Uhuru wa namna hiyo ungekutenganisha na tendo lako zuri kuliko yote, na sioni kwa nini tuuite uhuru kamili na huu mwingine tuuite wa kuazima.

Hoja inayoninyima usingizi ni ya mwanafalsafa mwingine, Derk Pereboom, ya mwaka 2001. Wanasayansi wanamtengeneza mtu ubongo tangu mwanzo ili ukubwani apime mambo kwa ubinafsi, na siku moja, baada ya kupima, anaua. Tunaona wazi, anasema Pereboom, kwamba mtu huyo hawajibiki. Halafu anatuuliza: tofauti yake na mtu aliyetengenezwa na vinasaba na malezi ni ipi? Mimi nauliza kwanza wamemtengenezaje. Kama wamemfungia mlango, kwamba hata apewe hoja gani ataua tu, hawajibiki, lakini basi hafanani na mimi wala wewe. Kama wamefanya kazi hiyo yote na aliyetokea ni mtu anayeona kweli kwamba mwenzake anaumia, anayeweza kujirekebisha, anayebadilika akionyeshwa jambo jipya, basi wametengeneza mtu, na tendo lake ni lake. Hitimisho hilo linasumbua masikioni, nakubali, lakini nalishikilia. Wale wanasayansi wana hatia yao, na hatia yao haimpunguzii yeye yake.

Wengine, kama Galen Strawson, wanadai kwamba ili uwajibike kikweli lazima uwe umejiumba mwenyewe, tabia yako na mwanzo wa tabia yako. Hakuna kiumbe anayeweza kutimiza sharti hilo, ulazima uwepo usiwepo. Mahali pengine popote hatulidai. Mwanahisabati hakuuumba ubongo wake, wala hakuchagua kuzaliwa na kipaji. Uthibitisho alioufikia baada ya kuuhangaikia ni wake hata hivyo. Sijui kwa nini kazi ya akili iwe ya mwenyewe na kazi ya kushinda nafsi isiwe yake.

Kwa hiyo, kuhusu wewe: sifa unastahili. Siyo sifa yote. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika uraibu wa pombe inahusiana na urithi. Usiisome namba hiyo kana kwamba nusu ya kila glasi imenywewa na vinasaba. Inahusu tofauti kati ya watu katika jamii. Lakini ina maana kwamba wewe na kaka yako, mliozaliwa tumbo moja na kushirikiana kwa wastani nusu tu ya vinasaba vinavyotofautiana kati ya watu, huenda hamkupewa mzigo wenye uzito sawa. Labda yeye ubongo wake uliishika pombe kwa nguvu zaidi. Labda wewe ulikuwa na mtu wa kumpigia simu usiku. Kulitambua hilo hakukuondolei ulichofanya, kunaondoa haki ya kumwambia "mimi nimeweza, kwa nini wewe usiweze?"

Na yeye? Uraibu ndio mahali ambapo nadharia yangu inapaswa kupimwa, maana si mtetemo wa Parkinson na si uzima kamili pia. Mwanafalsafa Harry Frankfurt aliandika mwaka 1971 juu ya mraibu asiyeitaka hamu yake: anatamani kilevi, na wakati huo huo anatamani asitamani. Hamu ya kwanza inamburuta, ya pili inabaki ikitazama. Mtu huyo si chombo kilichoharibika. Yuko vitani. Uwezo wake umebanwa, haujafa. Mfano mmoja unanisaidia kuliona hili. Mtafiti Lee Robins alifuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mapema miaka ya 1970. Miongoni mwa waliokuwa waraibu wa heroini kule, ni karibu asilimia 5 tu waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani; wengi wa walioacha waliacha bila tiba yoyote. Wanaharakati wa kila upande huuvuta utafiti huo kwao. Mimi nauona ukisema mambo mawili kwa pamoja. Uraibu hauondoi uwezo wa kuacha. Na mazingira hubeba sehemu kubwa ya kazi ambayo tunapenda kumwekea mtu peke yake begani: wale hawakugeuka mashujaa ndani ya ndege, walitolewa kwenye vita, kwenye heroini ya bei chee, kwenye marafiki wa kuvuta pamoja.

Lawama pia ni ya aina mbili, na hapa nampa Pereboom haki yake. Ile inayosema mtu huyu anastahili kuteseka kwa ajili ya kuteseka tu, hata kama mateso hayamsaidii yeye wala mwingine, siwezi kuitetea, na sidhani hiari yoyote inaihalalisha. Lakini kuna lawama nyingine, ambayo P. F. Strawson, baba yake Galen niliyemtaja, aliieleza mwaka 1962: kuumizwa na mwenzako na kumwonyesha kwamba umeumia, kumdai kilicho bora, kushukuru anapokitoa. Hiyo ni sehemu ya kuishi na watu kama watu. Tunaiweka kando kwa muda kwa aliyezidiwa. Tukiiweka kando moja kwa moja, tunaanza kumwangalia kama kesi ya kusimamiwa, na yeye anaijua tofauti hiyo siku ya kwanza tu. Ndiyo maana usimwambie kaka yako kwamba yote yalishapangwa na hana lake. Inasikika kama huruma, lakini inamfungia ule mlango mmoja ambao msaada unaweza kuingilia.

Mwambie alichokukosea, kwa jina lake, kama kuna alichokukosea. Mwambie pia kwamba unajua kwake huenda ni kugumu zaidi kuliko ilivyokuwa kwako. Kisha zungumzeni wakati uwezo wake uko juu, si akiwa ameshalewa wala akiwa na kiu kali ya pombe, kuhusu saa ile ambayo uwezo huo unakuwa chini: anakuwa wapi, na nani, ameshikwa na nini. Mtu anaweza kuitumia asubuhi yake kuisaidia jioni yake, kwa kukata njia, kubadilisha watu, kumkabidhi mwingine fedha. Zipo pia dawa, kama naltrekisoni inayopunguza hamu na akamprosati inayomsaidia aliyeacha asirudie. Wapo wanaoziona kama kukwepa, kwamba aliyeacha kwa dawa hakuacha kwa hiari. Kama nilivyosema, uwezo wa kufuata hoja umefanyika kwa ubongo. Kinachotuliza kelele ubongoni kinampa nafasi ya kutenda analolitaka mwenyewe.

Jambo la mwisho, na ni la haraka kuliko yote niliyoandika. Kama kaka yako anakunywa sana kila siku, asiache ghafla akiwa peke yake, hata azma iwe kubwa namna gani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa akili, na watu hufa kwa hayo. Akiamua, aende kwanza kwa daktari, wapange siku pamoja.